Motokaa Yenye Sura ya Kale

Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii hutuonya tusiridhike na rangi ya juu kabla ya kujua kilichomo ndani. Katika insha hii nakusudia kusimulia habari za motokaa moja ndogo ambayo sura yake ni ya kale na vyuma vyake ni vya siku hizi, na jinsi nilivyoinunua ikiwa imekwisha kutumika na wengine. Yamkini msomaji atauliza: Je, ununuzi wa motokaa kuukuu una uhusiano gani na historia? Namwomba awe na subira. Mimi mwenyewe ni mwalimu wa historia, walakini sikuuona uhusiano huo mpaka nilipokwisha kutoa fedha zangu.

Nilipokuwa mtoto, baba yangu mkubwa alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, naye alikuwa na Volkswagen ya namna ile iliyojulikana ulimwenguni kwa jina la Beetle, yaani mbawakawa, kwa sababu ya mgongo wake wa mviringo. Injini yake ilikuwa nyuma, mahali ambapo motokaa nyingine huweka mizigo, na mizigo ilikuwa mbele. Haikuwa na rejeta wala haja ya maji, kwa kuwa injini yake ilipozwa kwa upepo. Siku za mvua, barabara ya kwetu ilipogeuka kuwa tope, sisi watoto tuliisukuma huku tukiimba, naye baba mkubwa alitoa kichwa dirishani akatushukuru mmoja mmoja kwa majina yetu. Ilipoharibika aliitengeneza mwenyewe kando ya njia kwa spana mbili na kipande cha waya. Alipofariki dunia, motokaa ile iliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mlio wake ulibaki masikioni mwangu.

Miaka mingi ilipita. Nilipokuwa nimekwisha kuajiriwa kufundisha katika chuo cha ualimu, niliona motokaa ikiuzwa kando ya barabara, yenye rangi ya buluu hafifu na mgongo wa mviringo. Taa zake za mbele zilikuwa duara kama macho ya mtoto aliyeshangaa. Ilikuwa Volkswagen New Beetle, iliyoundwa ili ifanane na ile ya zamani. Ndani yake, karibu na usukani, palikuwa na chombo kidogo cha kutilia ua, kama vile ambavyo wenye motokaa za kale walivyopenda kuvitia katika zao. Moyo wangu ulishindwa papo hapo. Nilikuwa na akiba ya miaka saba katika chama cha ushirika, nami nilikuwa tayari kuitoa yote siku ile ile kwa ajili ya sura.

Kilichoniokoa ni fundi mmoja mzee niliyekwenda naye. Nilimsifia rangi, taa na lile ua. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akafungua boneti na kusema, "Mwalimu, uso tumekwisha kuuona. Sasa tuulize habari zake."

Tuliuliza. Motokaa ile, kama nyingi zinazoletwa Kenya zikiwa zimetumika, ilitoka Japani na kushukia Mombasa. Sababu ya biashara hiyo si ngumu kufahamu. Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, na usukani wa motokaa zao huwa upande wa kulia. Tena huko sheria huzitaka motokaa zikaguliwe mara kwa mara kwa gharama kubwa, hata wengi huona afadhali kuuza kuliko kuendelea kulipa. Hapa kwetu kanuni hairuhusu kuingiza nchini motokaa iliyopita miaka 8 tangu ilipoandikishwa kwa mara ya kwanza. Kwa kuwa New Beetle iliacha kuundwa mwaka 2011, kila mtu anayeinunua nchini leo hununua motokaa iliyokwisha kupita mikononi mwa watu wengi. Hapana budi achunguze mikono hiyo ilifanya nini.

Muuzaji alituonyesha hati ya umiliki na karatasi ya mnada iliyokuja na motokaa kutoka Japani. Karatasi ile iliandikwa kwamba motokaa ilikuwa imekwenda kilomita 83,000 siku ilipouzwa huko. Fundi akatazama mita iliyokuwa karibu na usukani, nayo ilionyesha kilomita 71,000. Akacheka kidogo. "Mwalimu," akasema, "hii imetembea Kenya miaka kadhaa, na kila ikitembea inarudi utotoni."

Muuzaji aliapa kwamba hakujua lolote, kwa kuwa naye aliinunua kwa mtu mwingine. Sikuweza kuthibitisha kwamba alisema kweli, wala kwamba alisema uongo. Fundi hakubishana naye. Alinionyesha mpira wa kanyagio la breki ulivyolika upande mmoja, akanionyesha kiti cha dereva kilivyobonyea, akasema, "Hati zinaweza kunyamaza. Kanyagio halinyamazi." Kisha akauliza kama kulikuwa na maandishi yoyote ya kuonyesha kwamba ule ukanda wa mpira unaozungusha mitambo ya juu ya injini uliwahi kubadilishwa. Hayakuwapo. Ukanda huo huchakaa kwa kilomita na kwa miaka, nao ukikatika injini huweza kuharibika kabisa. Fundi alinishauri nihesabu kwamba haukubadilishwa kamwe. Tulipunguziwa bei kwa kiasi kilichotosha kununua ukanda mpya na malipo ya fundi, nami nikainunua.

Nilipokuwa nikirudi nyumbani nilitambua jambo lililonifedhehesha. Yule mzee alikuwa amefanya mbele ya macho yangu kila kitu ninachowafundisha wanafunzi kila muhula. Alisoma hati, lakini hakuiamini hati moja peke yake. Alilinganisha maandishi na kitu chenyewe. Alijiuliza ni nani anayesimulia, na atapata faida gani akiaminiwa. Hata mahali palipokosa maandishi hakusema kwamba hapakutokea neno. Aliuchukua ule ukimya kuwa ni ushahidi wa kutiliwa shaka. Hiyo ndiyo kazi ya mwanahistoria, naye aliifanya akiwa na grisi mikononi.

Lakini fedheha ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Siku ya kwanza nilipoingia chuoni na motokaa yangu, wanafunzi waliizunguka kwa furaha. Mmoja wao akauliza kwa adabu, "Mwalimu, ni kweli kwamba motokaa hii ni ya Hitler?" Wenzake wakaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, kisha nikanyamaza, maana sikuwa na jibu kamili. Nilikuwa nimeuliza habari za motokaa ile moja, lakini sikuuliza habari za sura iliyonivuta kuinunua. Basi nikaanza kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Mwaka 1934, Adolf Hitler alipokuwa ameshika utawala wa Ujerumani, mhandisi Ferdinand Porsche alipewa kazi ya kubuni motokaa ndogo ambayo bei yake isingefika mark 1,000, ili mfanyakazi wa kawaida aweze kuinunua. Neno Volkswagen maana yake ni gari la watu. Jiwe la msingi la kiwanda liliwekwa mwezi wa Mei 1938. Kazi hiyo ilikabidhiwa chama cha wafanyakazi kilichoundwa na serikali ya Wanazi, na sehemu ya fedha za kujengea kiwanda ilitokana na mali za vyama huru vya wafanyakazi, ambavyo Wanazi walikuwa wamevivunja mwaka 1933 na kuvinyang'anya kila kitu. Hivyo gari la watu lilianza kwa kuwanyang'anya watu.

Wananchi waliambiwa waweke akiba kwa kununua stempu za mark 5 kila juma na kuzibandika katika kijitabu. Bei ya motokaa ilikuwa mark 990. Mwanafunzi akipiga hesabu ataona kwamba mtu alihitaji majuma 198, yaani karibu miaka minne, ili kuimaliza. Watu wapatao 336,000 walijiandikisha katika mpango huo. Mwaka 1939 vita vikaanza, na kiwanda kikageuzwa kuunda magari ya jeshi na zana nyingine za vita. Motokaa chache za kiraia zilizotoka zilikwenda kwa wakubwa. Katika wale wote waliobandika stempu zao juma baada ya juma, hakuna hata mmoja aliyekabidhiwa motokaa kwa mpango ule. Baada ya vita waliobaki walipeleka madai yao mahakamani, na shauri lao halikumalizika mpaka mwaka 1961, walipokubaliwa kupunguziwa bei ya motokaa mpya au kupewa fedha kidogo mkononi.

Hayo yalikuwa maumivu ya mifuko. Yako maumivu makubwa kuliko hayo. Wakati wa vita kiwanda kile kiliendeshwa kwa nguvu za watu wapatao 20,000 waliolazimishwa kufanya kazi: wanaume na wanawake waliochukuliwa kutoka nchi zilizotekwa, mateka wa vita, na wafungwa wa kambi za mateso. Walifanya kazi kwa njaa na kwa vitisho, na wako waliokufa humo. Habari zao zilikaa miaka mingi bila kutajwa sana. Hatimaye kampuni yenyewe ilimwomba mwanahistoria Hans Mommsen azichunguze, naye akatoa kitabu kikubwa, akishirikiana na Manfred Grieger, mwaka 1996.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, kiwanda kilikuwa katika eneo la Ujerumani lililotawaliwa na jeshi la Uingereza. Kilikuwa kimebomolewa kwa mabomu, na wako waliotaka kiondolewe kabisa. Afisa mmoja wa Kiingereza, Meja Ivan Hirst, aliona kwamba kinaweza kufanya kazi tena, na jeshi lake likaagiza motokaa 20,000. Kuanzia mwaka 1948 kilisimamiwa na Heinrich Nordhoff, na motokaa ile ikaanza safari yake ya pili. Mwezi wa Agosti 1955 motokaa ya milioni moja ilitoka kiwandani. Mwaka 1972 idadi yake ilipita milioni 15, ikaishinda ile Ford ya namna ya T, ambayo ndiyo iliyokuwa imeundwa kwa wingi kuliko zote kabla yake.

Afrika Mashariki nayo iliipokea. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya motokaa ya kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Ndiyo yaliyokuja kuitwa Safari Rally. Mwaka 1954 Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda kwa Volkswagen, na motokaa hiyo ilishinda tena mwaka 1957 na mwaka 1962. Watu waliiona ikipita katika tope na vumbi ambamo motokaa za bei kubwa zilikwama. Msomaji wa historia na akumbuke vilevile kwamba mashindano yale yalipoanza, Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952. Vumbi la mashindano lilikuwa likitimka barabarani wakati maelfu ya wananchi wakiwa kizuizini. Picha za ushindi ni za kweli, lakini si picha zote za miaka ile.

Hivyo ndivyo motokaa iliyoagizwa na dikteta ilivyopata kupendwa duniani. Madaktari na wakulima waliinunua. Walimu pia, akiwamo baba yangu mkubwa. Waliipenda kwa sababu haikuwa na makuu, ilikuwa rahisi kutengenezwa, na ilifika ilikotumwa. Mapenzi hayo hayakuwa ya uongo. Mtu aliyeipata kwa jasho lake alikuwa na haki ya kuipenda.

Sasa natujie ile yenye sura ya kale. Mwezi wa Januari 1994, katika maonyesho ya motokaa huko Detroit, Marekani, Volkswagen ilionyesha motokaa ya mfano iliyobuniwa na J Mays na Freeman Thomas huko California. Watazamaji wakaikumbuka ile ya ujana wao, wakashangilia, na kampuni ikaamua kuiunda. New Beetle ilianza kutoka katika kiwanda cha Puebla, nchini Mexico, mwishoni mwa mwaka 1997. Ukifungua boneti yake utaona kwamba injini iko mbele, nayo hupozwa kwa maji. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, na ya nyuma hufuata tu. Kwa viungo vyake vya ndani ni ndugu wa Volkswagen Golf ya wakati ule. Cha kale ni umbo tu.

Na hapa pana jambo la ajabu. Beetle yenyewe, ile ya asili yenye injini nyuma, ilikuwa bado ikiundwa katika kiwanda kile kile cha Puebla. Iliendelea mpaka tarehe 30 Julai 2003, ilipotoka ya mwisho, nayo ilikuwa ya 21,529,464. Basi kwa muda wa miaka kama sita kiwanda kimoja kiliunda kitu chenyewe na ukumbusho wa kitu hicho. Kile chenyewe kiliuzwa kwa Wamexico kwa bei nafuu, maana walikihitaji kwa kazi zao. Ukumbusho uliuzwa kwa bei ya juu zaidi, hasa kwa watu wa nchi tajiri waliokwisha kukisahau kitu chenyewe na kubaki na hamu yake.

Hamu hiyo ina desturi ya kuchagua. Huchukua mgongo wa mviringo na taa za duara, na ua karibu na usukani. Haichukui kijitabu cha stempu wala kambi ya wafungwa. Mwaka 1998, ambao ndio New Beetle ilipoanza kuuzwa Marekani kwa shangwe, ndio pia mwaka ambao kampuni ilianzisha mfuko wa kuwapa msaada wale waliolazimishwa kufanya kazi kiwandani wakati wa vita. Wengi wao walikwisha kufa, na waliosalia walikuwa wazee. Habari hizo mbili zilitoka katika nyumba moja kwa mwaka mmoja. Moja ilipambwa kwa matangazo, na nyingine ilisomwa na wachache.

Je, motokaa yangu imenifaa? Imenifaa, ingawa si kwa namna niliyotarajia. Ukanda wa mpira ulibadilishwa, na fundi alinionyesha ule wa zamani. Ulikuwa umepasuka pasuka kama midomo ya mtu mwenye homa. Vipuri vyake huagizwa Nairobi, na mara nyingine husubiriwa majuma mawili. Siku taa ya onyo ilipowaka nikiwa safarini, nilishuka na spana zangu kama baba mkubwa, nikafungua boneti, nikakuta mitambo imebanana hata mkono haupiti. Kujua tu ni ugonjwa gani kulihitaji chombo cha kompyuta. Niliifunga boneti nikasimama kando ya barabara, nikacheka peke yangu. Nilikuwa nimenunua sura ya motokaa ya baba mkubwa, lakini ule uhuru wake wa kuitengeneza kwa spana mbili na kipande cha waya haukuwa ukiuzwa.

Juma lililofuata lile swali nilimrudia mwanafunzi yule darasani. Nilimwambia kwamba motokaa ya asili iliagizwa na Hitler, ikalipiwa na watu wasioipata. Kiwanda chake kiliendeshwa kwa jasho la wafungwa, kikafufuliwa na mwanajeshi wa nchi iliyokuwa adui, na motokaa ikapendwa na watu wema katika kila bara. Nikamwambia kwamba yangu ina uso wa ile, na mwili wa nyingine. Akafikiri kidogo, kisha akauliza, "Basi Mwalimu, utaiuza?"

Swali hilo lilinipendeza kuliko la kwanza, kwa kuwa ndilo swali ambalo kila kijana hana budi kujiuliza juu ya vitu vya kale alivyorithi, vikiwa ni majengo, sikukuu, nyimbo au majina ya barabara. Tukigundua kwamba kitu tunachokipenda kina habari mbaya ndani yake, je, tukitupe? Au tuifiche habari mbaya ili tuendelee kukipenda? Nilimjibu kwamba sioni faida ya njia yoyote katika hizo mbili. Anayekitupa hupoteza na ushahidi pamoja nacho. Anayeificha habari hafanyi tofauti na mtu aliyerudisha nyuma mita ya motokaa yangu: amepunguza kilomita zilizokwisha kwenda, ili mnunuzi afurahi.

Basi sikuiuza. Nimejiwekea sharti moja tu, kwamba sitaisimulia nusu. Kila anayesimama kuisifu motokaa yangu kando ya njia humweleza yote, kuanzia stempu za mark 5 mpaka tope la kwetu na nyimbo za watoto waliokuwa wakisukuma. Wengine husikiliza mpaka mwisho. Wengine, nakiri, hukumbuka ghafula kwamba wana haraka.